Mzee wa Vigae

9 Februari

Mume wangu mdogo, Antena,

Mimi bibi yako ni mzima. Nakula, nalala, nagombana na watu, kwa hiyo usinihesabu kati ya wagonjwa. Mama yako naye hajambo. Alipita juzi na lile lori lake, akaliegesha mbele ya mlango mpaka nyumba nzima ikaingia giza, akanywa chai amesimama, akaondoka. Nikamwambia, "Mwanangu, wewe hata tumboni mwangu hukukaa ukatulia." Akacheka, akapiga honi, mtaa mzima ukaziba masikio. Shoga yangu fundi cherehani yuko palepale mlango wa pili, na umri wake bado anaudanganya.

Nakuandikia barua kwa sababu simu sina hamu nayo. Kwenye simu unasikika kama mtu aliyetumbukia pipani, na ukishakata umekata, nabaki na nini? Barua naishika. Herufi hizi alinifundisha babu yako nikiwa mtu mzima na mama yako mgongoni, pale kwenye karakana yake, kwa chaki, juu ya migongo ya televisheni za wateja. Shule mimi sikuiona hata kupitia dirishani. Basi ukikuta herufi zimepandana kama mbuzi kwenye zizi dogo, zivumilie.

Nimekufumia sweta. Ivae, usiiweke kabatini kwa heshima.

Sasa neno lenyewe. Mama yako kaniambia kazi yako. Anasema siku hizi kompyuta inaweza kuchora mtu mpaka ukahesabu vinyweleo vyake, lakini ninyi huko mmekaa mnachora watu wa vigae vigae, kama wale wa gemu la zamani ulilokuwa ukicheza hapa karakana. Nikamuuliza, "Kwa hiyo mtoto analipwa achore vibaya?" Akasema, "Mama, ndiyo mtindo." Hebu nieleze wewe mwenyewe. Mtu ana kisu kikali mkononi, kwa nini akate nyama kwa kijiko?

Na kama kuchora ndiyo kazi, nichoree babu yako. Unakumbuka mvua ilivyoingia kwenye kabati. Picha zake zote zimebaki karatasi zenye madoa. Mtu kakaa maisha yake yote akiwarudishia watu picha kwenye vioo vyao, yake yeye haikubaki hata moja. Nichoree, hata kwa vigae vyenu hivyo hivyo.

Mkeo wa kwanza,
Bibi


2 Machi

Bibi yangu,

Shikamoo. Mimi ni mzima, nala vizuri, na nyumba ninayopanga haivuji. Msalimie mama ukimsikia honi, na umwambie fundi cherehani kwamba nakubali umri wowote atakaoutaja.

Sweta imefika na imenikaa vizuri sana. Nina swali dogo tu, usinune: mkono wa kulia ni wa buluu na wa kushoto ni wa kijani. Wenzangu wanadhani nimeinunua duka la ghali.

Kuhusu kazi. Tuko watu wachache kwenye chumba kimoja juu ya duka la magodoro. Mkuu wetu tunamwita Kiranja, kwa sababu hata chai anataka tuinywe kwa zamu. Gemu letu ni la fundi wa televisheni. Watu wanamletea televisheni za chogo zilizokufa, zile za zamani zenye mgongo mnene, anafungua mgongo, na ndani ya kila moja kuna mji mdogo uliozimika taa. Anaingia, anauwasha mtaa kwa mtaa. Unajua nimemtoa wapi fundi huyo.

Umeuliza kwa nini kijiko. Mashine za zamani, Bibi, zilikuwa na nafasi ndogo sana ya kutunza picha. Mchoraji alipewa rangi chache na vimraba vichache, ambavyo sisi tunaviita pikseli, na wewe endelea kuviita vigae. Akaambiwa humo humo atie mtu, mbwa na moto. Ndiyo sura za gemu nililokulia nalo, na mimi nataka gemu letu liwe hivyo kweli, si kwa maigizo. Kwa hiyo nafuata sheria zote za zamani ingawa hakuna anayenilazimisha: rangi chache, vigae vyote saizi moja, kila kigae na makali yake safi. Kiranja yeye anataka vigae vidogo vya kisasa, kisha juu yake tumwage mikwaruzo na umanjano ili ionekane ya kale. Mimi namwambia huo ni ukale wa bandia. Yeye ananiambia wangu ni ukaidi wa kweli.

Nakutumia babu. Nimemchora kwa kumbukumbu, naye ndiye fundi wa gemu. Uso wote una upana wa vigae kumi na sita. Kiranja alipouona alisema, "Huyu amekufa." Nikasema ni kweli, alikufa. Akasema, "Nazungumzia mchoro." Amenipa mpaka mwisho wa Agosti. Uso usipopata uhai atampa mwingine auchore upya, kwa vigae vidogo na mikwaruzo, na huyo hatakuwa babu tena. Kuna hata kigae kimoja cha kijivu pembeni mwa mdomo, anasema ni uchafu. Ni kweli, mkono uliniteleza. Nitakifuta.

Halafu Bibi, mistari ya barua yako ilikuwa inapanda mlima. Uliandikia wapi, juu ya paja?

Mumeo mdogo,
Antena


30 Machi

Antena,

Kabla sijasema marahaba: KIGAE HICHO USIKIFUTE. Ukikifuta usinijie hapa.

Sasa marahaba. Anayeandika ni shoga yangu fundi cherehani, mimi nasema yeye anashika kalamu, ndiyo maana mistari leo imenyooka kama mshono. Mkono unaniuma. Mkono, nimesema. Mama yako yuko safari ndefu, hatujamsikia honi wiki nyingi. Mwenye nyumba ya jirani kapaka ukuta rangi, wanasema ya chungwa.

Bahasha yako tuliifungua mchana, hapa mlangoni. Shoga akaitoa karatasi, akaigeuza juu chini, akasema, "Shoga, mjukuu wako kakutumia kitambaa cha drafti." Nikamnyang'anya. Nikaiinua. Mjukuu wangu! Nilimwona. Alikuwa ananitazama kama anavyonitazama nikimpelekea chai amechelewa kuiomba, anacheka upande mmoja, na skrubu yake mdomoni.

Umesahau skrubu? Babu yako akifungua televisheni, skrubu ya kwanza aliibana pembeni mwa mdomo ili isipotee. Alisalimia wateja nayo. Alibishana nayo. Siku aliyokuja kwetu kuniposa alikuwa ametoka kazini moja kwa moja, akazungumza na baba yangu saa nzima, na skrubu imo. Baba akaniambia, "Kijana ana adabu, ila kuna kitu anatafuna." Ndiyo hiyo. Kigae chako cha kijivu ndiyo hiyo. Unasema mkono uliteleza. Mkono huo nani aliukamata akaufundisha kushika bisibisi? Haukuteleza. Ulikumbuka kabla yako.

Na Kiranja mwambie hivi: mimi ni wa kale kweli, na hakuna aliyenimwagia vumbi. Nilifika hapa kwa kuishi. Lakini na wewe usivimbe kichwa. Kujifunga mkono mmoja mgongoni halafu unalia kazi ngumu, nani kakutuma? Babu yako hakutumia waya mfupi kwa kuupenda ufupi. Mrefu hakuwa nao. Angepata mrefu angeimba. Wewe unayetaka kufanya kama wao, ulijiuliza wao walikuwa wanataka nini?

Mikono ya sweta ni mtindo. Swali hilo lisirudi.

Mzee nimembandika ukutani mbele ya kitanda. Nikifumbua macho naye kafumbua.

Bibi

(Mwandishi anaongeza: mimi mpaka leo naona drafti. Shikamoo yangu sijaiona kwenye barua yako.)


21 Aprili

Bibi yangu,

Shikamoo, na Shikamoo ya fundi cherehani hii hapa, kubwa, aikate aigawe mara mbili.

Kigae kipo. Kiranja alikuja kukifuta yeye mwenyewe, nikaweka mkono juu ya kioo kama mwendawazimu.

Swali lako la mwisho lilininyima raha. Wao walikuwa wanataka nini? Nikaenda kwa muuza vyuma chakavu, nikamkuta na televisheni ya chogo aliyokuwa anaikalia. Tukaibeba watu wawili kupanda ngazi za duka la magodoro. Nikaunganisha, nikawasha, nikamweka babu.

Bibi, makali yote yakayeyuka. Kwenye chogo hakuna kigae. Kila kimoja kinamwagikia mwenzake kidogo, rangi mbili zinazaa ya tatu ambayo sikuichora, shavu likanyanyuka, na kile cha kijivu kikang'aa kama chuma. Akacheka. Kiranja alikuwa anarudi kutoka kula, mkate uko mdomoni, akasimama mlangoni akasema, "Nani huyo?"

Nikaelewa. Wachoraji wale hawakuwa wanachora vigae. Walichora kile ambacho kioo kile kingekifanya na vigae. Mimi niliyejigamba kwamba nafuata ukweli nilikuwa nanoa makali ambayo zamani hakuna mtu aliyeyaona. Kiranja kakosea kwa vumbi lake, mimi nimekosea kwa usafi wangu. Yeye sasa anasema, "Sawa, nimemwona, lakini mchezaji nyumbani kwake hana chogo." Bado tunabishana.

Lakini Bibi, sikuandika kwa ajili ya Kiranja. Mimi kwenye kioo safi sikumwona babu. Fundi cherehani ana karatasi ile ile mkononi, anaona drafti. Wewe ulimwona mara moja, mchana kweupe, bila televisheni yoyote. Mistari yako inapanda mlima. Buluu na kijani kwako zimekuwa rangi moja. Ukuta wa jirani "wanasema" ni wa chungwa. Na mkono uliofuma sweta nzima hauwezi kushindwa na kalamu.

Unaona ukungu tangu lini?

Antena


6 Mei

Antena,

Sisi wazima.

Macho yangu yako usoni kwangu, hayakai huko juu ya magodoro. Nilikuomba picha, umenipa, ahsante. Sikukuomba uwe daktari. Kama huna la kusema kuhusu babu yako, zungumzia hali ya hewa.

Bibi

(Mwandishi: nimeandika kama nilivyoamriwa. Habari za birika na kikombe nimekatazwa kuzitaja, kwa hiyo sizitaji.)


28 Mei

Bibi yangu,

Shikamoo. Nimetii. Hii ni habari ya hali ya hewa.

Jumatatu mawingu. Jumanne mawingu. Jumatano palikuwa na mawingu kiasi kwamba mtu aliweza kumwaga chai nje ya kikombe na kumsingizia birika. Alhamisi mtu alivaa kiatu cha mtu mwingine. Ijumaa nikaonana na mtu anayejua mawingu, daktari, mpangaji mwenzangu hapa chini. Anasema mawingu ya aina hiyo yana jina, mtoto wa jicho, na kwamba kwa watu wengi huondolewa kwa kazi ya muda mfupi, mtu akarudi nyumbani kwake siku hiyo hiyo amefunikwa jicho moja, akiendelea kugombana na watu.

Ndiyo habari ya hali ya hewa. Kuhusu Kiranja sina jipya, Agosti iko palepale.

Antena


2 Julai

Mume wangu mdogo,

Marahaba. Nimekaa kimya kwa makusudi, nikikukomoa, halafu nikaona ninayekomoleka ni mimi.

Ile barua ya mawingu shoga alinisomea mara ya kwanza nikamwambia aichome. Mara ya pili tukacheka mpaka sindano ikamwangukia. Wewe una mdomo wa babu yako, unamchoma mtu huku unampepea.

Haya. Mama yako alirudi, shoga akamwambia habari za birika, kwa kuwa siri kwake ni kama maji kwenye kikapu. Wakanipakia kwenye lori. Nimekwenda kliniki ya macho nimekaa juu kule kama waziri, nikawapungia watu mkono bila kujua ni akina nani. Daktari binti mdogo, ana mikono ya baridi. Akasema yale yale ya mpangaji mwenzako. Macho yote mawili, aanze na la kulia. Akanipa siku mwezi wa nane. Nikamwambia nitafikiri. Mama yako akapandisha sauti, "Mama, unafikiri nini? Utakuwa kipofu!" Nakujibu wewe, mara moja tu, na shoga aandike bila kuongeza neno lake.

Asubuhi nikifumbua macho, babu yako yupo ukutani, anacheka na skrubu yake. Namsalimia. Namwambia mambo. Vitu vingine vyote vimeondoka kidogo kidogo, sindano, nambari za simu, mawe kwenye mchele, nyuso za watu kanisani na sokoni. Yeye peke yake ndiye aliyekuja. Kila giza linavyozidi yeye anazidi kuwa mtu. Sasa mkinisafisha macho nitaona nini? Shoga macho yake ni mazima, anaona drafti. Wewe na kioo chako kikali ulikaa naye miezi, hukumwona. Mimi ninayemwona ni mimi mwenye ugonjwa.

Nilimpoteza hospitali. Nikampoteza tena mvua ilipoingia kabatini. Ya tatu nijipeleke mwenyewe, kwa lori?

Ndiyo hiyo. Usinibembeleze, sipendi.

Bibi


19 Julai

Bibi yangu,

Shikamoo. Sikubembelezi.

Barua yako niliisoma nimesimama kwenye ngazi, watu wanapita na magodoro, wananisukuma, sikusogea.

Nilitaka kuandika kwamba macho ni bora kuliko picha, nikachana. Wewe hukuuliza lipi bora. Uliuliza utaona nini. Basi nakujibu hilo.

Babu hayumo kwenye ugonjwa wako. Mtoto wa jicho hajui kuchora. Ukungu ule ule upo kwenye kioo cha televisheni ya chogo, tofauti ni kwamba huo una kitufe, unawashwa ukitaka na unazimwa ukitaka. Nilimwona mimi, alimwona Kiranja, watu wenye macho mazima na mkate mdomoni. Na wewe huhitaji kwenda kwa muuza vyuma. Karakana, chini ya shuka la maua, ipo televisheni ya mwisho aliyoitengeneza, ile aliyokataa kuiuza. Nakuja mwezi wa nane. Nakuja na kiboksi cha gemu na nyaya. Nitaiunganisha pale.

Siwezi kukuapia kwamba itawaka. Imekaa miaka. Ningekuapia ungejua nadanganya.

Nina jambo jingine, ambalo sikulisema. Nilipokuja mara ya mwisho niliingia kimya ili nikushtue. Nilisimama mbele yako, karibu kiasi cha kukugusa. Ukaniambia, "Nani hapo? Fundi hayupo." Nikasema, "Ni mimi, Bibi," ukacheka, ukasema ulikuwa unatania. Nikajifanya nimeamini. Wewe unaogopa kumpoteza mzee ukutani. Mimi nilisimama pale nikiwa hai, na machoni mwako sikuwemo.

Nataka unione, Bibi. Basi.

Antena


14 Septemba

Mume wangu mdogo,

Tazama mistari hii. Tazama vizuri. Imenyooka au haikunyooka? Nimeiandika mwenyewe, kwa jicho moja la kulia, na shoga kakaa pale pembeni hana kazi, amenuna.

Sisi wazima. Mama yako kapaka lori lake rangi baada ya kelele zangu, kumbe lilikuwa limechubuka hivyo miaka yote. Ukuta wa jirani ni wa chungwa kweli, na ni mbaya kweli. Nyumba yangu ina vumbi la kuaibisha, mlikuwa mnakunywa chai humu mkininyamazia? Nikajitazama kwenye kioo, nikarudi nyuma. Kumbe nimezeeka hivi! Na hakuna hata mmoja aliyeniambia. Mna roho ngumu. Shoga naye nimemwangalia mchana, karibu, na umri anaoutaja hautatajwa tena mbele yangu. Ile sweta irudishe niifumue, nimeona uzi uliobaki, nimeficha uso. Ni mtindo gani ule? Na wewe ukaivaa mbele za watu!

Wewe nilikuona. Ulipoondoka sikusema, kwa sababu ningelia, na daktari alikataza. Una mikunjo miwili hapa juu ya pua kama ya mama yako. Nilikuwa sijui.

Sasa nakuandikia lile ambalo wote wawili tulilipita kimya siku ile mlangoni. Ulifungua televisheni ya mzee, ukapangusa, ukaunganisha kiboksi, ikawaka mistari. Mistari tu, na sauti ya mvua. Ukahangaika nayo mpaka basi lako likakaribia. Ukaifunika shuka kama maiti. Ukaniambia, "Samahani, Bibi." Nikakwambia, "Nenda, utachelewa." Ulipotoka nikaenda chumbani kumtazama yule wa ukutani, na jicho langu jipya.

Vigae. Vigae vitupu, mjukuu wangu, kama sakafu ya bafu. Nikakodoa macho pale nikimtafuta, nikalia, shoga akapiga kelele kwamba nitaharibu jicho. Siku kadhaa sikuingia karakana. Nilikuwa nimekasirika na wewe, na daktari, na dereva wa lori.

Halafu juzi nilikuwa nafagia lile vumbi lenu, nikafika pale, nikaivua shuka kwa hasira nipanguse. Nikaona nyuma yake lile tundu la waya, limelegea kama jino la mtoto. Nikacheka peke yangu. Antena! Mtu mzima, unawasha miji ndani ya kompyuta, ukasahau kazi yako ya kwanza duniani? Tundu lile halikupona hata siku moja. Babu yako alikusimamisha nyuma ya televisheni ukiwa huna hata meno ya mbele, ukashika waya, picha ikaja, ukiachia picha inakwenda. "Shika, Antena! Usipumue, Antena!" Ndipo jina lako lilipotoka.

Nikamwita shoga. Nikamwambia ashike waya. Akasema, "Mimi fundi cherehani, si nguzo." Nikamwambia ashike. Nikawasha kiboksi kama ulivyonionyesha. Mistari. Nikamwambia, "Bana kidogo, sukuma kwa ndani." Akasukuma, akanitukana.

Akaja.

Akaja kwa jicho zima, Antena. Shavu, nyusi, skrubu inang'aa. Tena sasa namwona vizuri kuliko pale ukutani, kwa sababu nikitazama pembeni meza naiona meza, na chaki naiona chaki, na yeye yuko katikati ya vitu vyake. Shoga akasema kutoka nyuma, "Ametokea?" Akaachia waya aje kuona, mzee akaondoka. Akarudi akashika, mzee akarudi. Tulikwenda hivyo mpaka akajaribu kunyoosha shingo kupitia pembeni, akaona nusu ya uso, akasema, "Eh! Si drafti!"

Kadi yako ya kuhusu Kiranja imefika. Nimefurahi uso unabaki, na nimefurahi kila mtu nyumbani kwake atapewa kitufe cha kuchagua, atazame makali au atazame ukungu. Yule Kiranja si mtu mbaya, ni mtu aliyekosa chogo. Msalimie. Mwambie kigae cha kijivu ni skrubu, asije akasahau akakipangusa.

Jicho la kushoto linafanywa Oktoba. Nimeshaliambia lori.

Njoo mwisho wa mwaka. Shoga anadai bega limemwuma na sasa anataka cheo. Lakini si kwa ajili yake nakuita. Juzi nilikuwa nimekaa pale namtazama mzee, nikawaza, yule mtoto utoto wake wote aliumaliza nyuma ya televisheni. Sisi tuliona picha. Yeye aliona mgongo na waya, na hakuna hata siku moja tuliyomwambia apumzike.

Safari hii waya nitashika mimi. Wewe utakaa mbele.

Bibi